Siku Moja ya Kukaa Wima

Jina la Winchi alipewa na wabebaji wenzake, nalo lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa mtu wa miraba minne, na kazi yake maisha yote ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu: makabati, majokofu, vitanda vya mbao nzito ambavyo wanaume wengine wangevizunguka kwanza na kushauriana. Yeye hakushauriana na mtu. Alipiga goti, akapitisha mkanda begani, akanyanyuka huku akimtania mwenye nyumba kwamba kabati ni jepesi, labda kizito ni kile alichosahau kutoa ndani. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani kutwa, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo, kwa mapenzi, kama wengine wanavyoitana majina ya asali.

Jokofu ndilo lililomshinda. Kamba ilikatika kwenye ngazi za jengo fulani, jokofu likashuka na yeye akiwa chini yake, na mgongo ukavunjika chini kidogo ya kifua. Hospitali ilikaa naye miezi, kisha ikamrudisha nyumbani na akili yake yote, mikono yake yote, utani wake karibu wote, na miguu isiyosikia tena amri yake.

Kutosikia amri, Fundi alikuja kugundua, si sawa na kutulia. Miguu ile ilikuwa na mambo yake. Ilikakamaa ikawa kama mbao, halafu ghafla magoti yakajikunja mpaka karibu na tumbo, halafu ikanyooka tena kwa nguvu ya kumtupa mtu nje ya kiti. Walimfunga mkanda. Misuli ya mgongo nayo ilijisokota kama nguo inayokamuliwa, na Winchi, aliyekuwa akibeba makabati bila kuguna, alijifunza kuuma taulo. Alisema miguu yake imegoma kufanya kazi lakini ugomvi inautaka. Watu walicheka. Fundi pia alicheka, kisha akaenda jikoni akasimama huko mpaka macho yalipokauka.

Ndipo wakaandikiwa dawa ya kulegeza misuli. Kidonge asubuhi, mchana na jioni. Siku chache tu, na nyumba ikapata amani. Miguu ikalainika mikononi mwa Fundi kama unga uliokandwa ukapumzishwa. Winchi alilala fofofo hadi jua likaingia dirishani, na mkewe, aliyezoea kuamshwa na mateke, aliamka mwenyewe kwa woga, akaweka kiganja mbele ya pua ya mumewe kuhakikisha kwamba anapumua.

Lakini ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Kila walipomwinua kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu, uso wa Winchi ulianza kugeuka majivu. Alikuwa anaanza sentensi na haimalizi. Macho yanapanda juu, kichwa kinaanguka kifuani, na mtu mzima anawalegea mikononi kama gunia lililotobolewa.

Nesi wa kliniki ya mgongo, mama mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, alimweleza Fundi kwa lugha ya nyumbani. Mtu anapoinuka, alisema, mwili hubana mishipa ya chini ili damu isiteremkie miguuni ikakisahau kichwa. Mwili wa Winchi ulipoteza sehemu kubwa ya uwezo huo tangu mgongo uvunjike. Sasa dawa inakuja kulegeza misuli, na hapohapo inalegeza na mishipa ya damu. Presha inashuka, kichwa kinabaki kitupu, mtu anazimia. Wasimwinue kwa pupa. Waanze na mito, asubiri, waongeze mito, anywe maji, miguu ifungwe bendeji. Akipauka wamlaze palepale, miguu juu.

"Na vidonge msivichezee," nesi alimalizia. "Msiongeze, msipunguze, msiache. Vikimsumbua njooni, sisi ndio tutapunguza, kidogo kidogo."

Wakati huo Fundi alikuwa akihangaika na breki ya kiti iliyokataa kuachia, na nje dereva wa teksi alikuwa akipiga honi. La kutoongeza lilimwingia moja kwa moja, kwa sababu alishaona kwa macho yake jinsi kidonge kinavyomwangusha mumewe. La kutoacha lilipita sikio hili likatokea lile. Mtu akishajua sumu iko kwenye kikombe, nani atafikiri kwamba kuna hatari katika kukiweka chini?

Basi wakaishi hivyo. Miguu ilitulia, na Winchi akalala. Kitanda chake kilisogezwa sebuleni ili asiwe peke yake, na kutoka pale aliiona dunia kwa ubavu: cherehani, dirisha, nusu ya mlango, na viuno vya watu wanaoingia. Wabebaji wenzake walipokuja kumjulia hali alizungumza na mikanda yao ya suruali. Aliwatania mwanzoni. Baadaye akawa anafumba macho wakiingia, na Fundi akawa anawaambia kwa sauti ya chini kwamba amelala.

"Nikimeza ninalala, nisipomeza ninapigana," alimwambia mkewe siku moja, akitazama dari. "Hakuna cha katikati."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyefundisha watoto wa chekechea, mwenye kicheko cha baba yake na mikono ya mama yake. Binti huyu alipata mchumba, kijana fundi umeme, mpole, mwenye kukuna shingo kila anapoulizwa swali. Winchi alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimwuliza kama anaweza kubeba kabati, kijana akajibu kwamba yeye hubeba nyaya tu, Winchi akamwambia waya nao unaua kama kabati, isipokuwa wenyewe hauna kelele. Wakacheka. Ikabaki wazazi wa kijana kuja kujitambulisha.

Siku waliyokuja, walifika mapema. Fundi alipanga kumwinua mumewe taratibu, mto juu ya mto, kama alivyofundishwa, lakini wageni walikuwa tayari mlangoni wakivua viatu na Winchi bado alikuwa amelala chali na fulana ya ndani. Mdogo wake alikuwepo, mtu ambaye nyumbani wote walimwita Dogo ingawa kipara chake kilishafika utosini. Winchi alimwambia amwinue haraka, asimtie aibu. Dogo hakuwahi kumkatalia kaka yake neno. Akamnyanyua kwa mkupuo mmoja mpaka kwenye kiti, Fundi akamvisha shati, mlango ukafunguka.

Baba wa kijana aliingia mbele, mzee mrefu mwenye adabu, akanyoosha mkono. Winchi naye akanyoosha wake. Mikono haikukutana. Wa Winchi ulishuka hewani kama tawi linalovunjika polepole, mdomo ukabaki wazi, mate yakatoka, kichwa kikaanguka. Dogo na Fundi walimshusha sakafuni wakamwinua miguu juu, na katika purukushani hiyo mpira wa mkojo ukachomoka. Mkojo ukatambaa kwenye saruji hadi karibu na miguu ya wageni. Mama wa kijana alisogeza miguu yake kimya kimya bila kutazama chini.

Winchi alizinduka baada ya muda mfupi, kama ilivyokuwa siku zote. Wageni walikunywa chai yao, wakasema pole, wakasema wasimchoshe mgonjwa, watakuja siku nyingine. Hawakuonyesha hata chembe ya dharau. Lakini walipoondoka, Winchi aligeuza uso ukutani, na kwa siku kadhaa hakula chakula cha maana wala hakuzungumza. Fundi alipombembeleza sana, alisema neno moja tu.

"Wameona maiti ikisalimia."

Miezi miwili ikapita. Wazazi wa kijana wakatuma salamu kwamba hawana haraka, baba akipata nafuu wao watakuja. Winchi, ambaye hakuwa ameulizwa, alijibu kutoka kitandani kwamba waje Jumapili ya mwisho wa mwezi. Binti akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Winchi, akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu: mtu aliyekusudia jambo.

Na kweli, kuanzia hapo akaanza kupata nafuu, au ndivyo ilivyoonekana. Walipompandisha kwenye mito hakupauka. Siku moja alikaa kitini mpaka chai yake ikapoa, akimwelekeza Fundi jinsi ya kupinda ukosi wa shati, jambo asilolijua hata kidogo. Uso wake ulikuwa na damu. Miguu ilirudia ugomvi wake kiasi, lakini alisema ni baridi, itaacha. Fundi alikuwa na nguo ya harusi ya mwanawe kwenye cherehani, moyo wake ulikuwa mwepesi, na mwenye moyo mwepesi hachunguzi sana.

Aligundua Alhamisi, akimwosha. Alipomgeuza ubavu, kidonge kilichovimba kwa mate kilikuwa kimenata chini ya bega lake. Alikitoa, akakitazama. Akainua pembe ya godoro. Vingine vilikuwa pale, vimekauka, vimepasuka pasuka kama chokaa. Cha asubuhi alikuwa akimeza. Vya mchana na jioni alivibana shavuni mpaka mkewe ageuke, kisha akavitema.

Fundi aliketi pembeni ya kitanda na kitambaa cha kuogea mkononi, maji yakimchuruzika gaunini. Alimwuliza mumewe kama anajua alichokuwa akifanya. Winchi alisema anajua vizuri kuliko wote, kwani mwili ni wake. Kabla hajaanza kuvitema alikuwa anaiona nyumba yake kama mtu aliyetupwa kisimani, sasa ameona uso wa mke wake akiwa ameketi sawa naye. Fundi akasema basi waende kliniki wakaulize. Winchi akasema kliniki watawaambia wasubiri tarehe yao, na tarehe yao ilikuwa baada ya Jumapili.

"Nipe siku moja tu, Fundi," alisema. "Siku moja ya kukaa wima mbele ya watu wanaomchukua mtoto wangu. Jumatatu nitameza kila mtakachonipa."

"Na miguu je?"

"Mtaifunga. Miguu niachie mimi."

"Ukizimia tena?"

"Kinachonizimisha ni kidonge. Hata nesi alisema."

Ni kweli nesi alisema. Fundi alilipindua neno hilo kichwani, akalitazama huku na huku, asione tundu. Kidonge kinashusha presha. Bila kidonge presha haitashuka. Isiposhuka, mtu hazimii. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa chekechea. Lakini kulikuwa na lingine ambalo hakulisema. Na yeye alimtamani. Alimtamani yule mtu aliyejaza mlango, aliyeinamisha kichwa kupita, na tangu ajali Fundi ndiye aliyekuwa ameinama juu yake siku zote kama mtu anayechungulia ndani ya sanduku. Siku ile chai ilipopoa walikuwa wameketi wawili, macho kwa macho, na yeye alikuwa na furaha aliyoionea haya.

Akakunja kitambaa. Akasema, "Jumapili tu."

Tangu hapo hata kile cha asubuhi hakumpa. Walikubaliana kwamba ili Jumapili awe na nguvu, ni vizuri mwili usafike kabisa. Binti hawakumwambia. Dogo aliambiwa kiasi, kwa sababu mikono yake ilihitajika.

Ijumaa ilikuwa ngumu na Jumamosi ikawa ngumu zaidi. Miguu ilipiga kama samaki aliyetolewa majini. Dogo aliikalia, akaifunga kwa mikanda ileile ya kubebea makabati, akatoka nje kuvuta sigara. Winchi alitokwa na jasho, akajikuna, akakataa usingizi. Fundi alipoweka mkono kifuani kwake alihisi moyo unakwenda mbio, akadhani ni maumivu, akadhani pia ni hamu, maana hata yeye wake ulikuwa ukimdunda. Jumamosi jioni Winchi alimwuliza ni nani ameweka kabati kwenye kona ile, litawazuia wageni. Hapakuwa na kabati. Fundi alicheka. Miaka yote mumewe alikuwa mtu wa utani, na kicheko kilimtoka kabla hajafikiri. Winchi naye akatabasamu, lakini jicho lake lilibaki kwenye kona.

Jumapili walimvisha shati jipya la bluu ambalo Fundi alilishona kwa kuibia saa za wateja. Mikanda ilifichwa chini ya blanketi. Wakampandisha mto juu ya mto, taratibu, kisha kitini, na Fundi alikaa mbele yake akimkodolea macho, tayari kumdaka. Hakupauka. Badala yake alikuwa mwekundu, uso unang'aa kama aliyepakwa mafuta, macho yakiwaka. Binti alipotoka chumbani akamwona baba yake ameketi, alisimama mlangoni akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wageni walipoingia, mzee yule mrefu alinyoosha mkono wake kwa tahadhari, kama mtu anayemgusa ndege. Winchi aliupokea, akaubana, akautikisa.

"Siku ile niliwasalimia kwa heshima mno mpaka nikalala chini," alisema. "Leo nimeamua kuwapunguzia heshima."

Kikalipuka kicheko chumba kizima. Hapo ndipo Winchi wa zamani aliporudi. Alisimulia habari za mama mmoja aliyehama na kuku akiwa ndani ya kabati la nguo. Alimwuliza mzee kazi aliyoifanya ujanani, akasikiliza kwa makini. Alimsifu mama wa kijana kwa kumlea mtoto asiyejua kusema uongo, kwani kila akijaribu anajikuna shingo. Kijana akajikuna shingo. Fundi, akigawa chai, aliona blanketi linatikisika juu ya magoti ya mumewe, aliona kingo za midomo yake zikikaza kati ya neno na neno, na bado alikuwa na furaha. Baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikuwa na furaha.

Ilipofika wakati wa kusema neno, Winchi alimwita mwanawe akae karibu, akamshika mkono.

"Mizigo nimebeba mingi," alisema. "Yote niliitua mlangoni kwa watu nikaondoka. Huyu ndiye sikuwahi kumtua. Leo ninamtua kwenu. Mpokeeni taratibu, upande huu juu."

Mama wa kijana alicheka na kufuta machozi. Winchi alipeleka mkono nyuma ya kichwa, akajishika kisogo, akakunja uso. Fundi alimwuliza kama anaumwa. Winchi alikuwa akitazama juu ya bega la mzee, kwenye kona.

"Sogea, mzee," alisema kwa sauti ya kazini. "Jokofu linashuka."

Wote walicheka. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha, kwa sababu mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa baba yake, na mkono ule ulikuwa unamponda vidole.

Kisha mwili wote ukamkamata. Kichwa kikapinda nyuma, meno yakagongana, mikono ikaanza kupiga kama miguu ilivyozoea kupiga. Kiti kikaanguka naye. Wakafanya walichofundishwa, kitu kimoja walichokijua kufanya Winchi akianguka: Dogo akafungua mikanda, wakamlaza chali, wakainua miguu yake juu kadiri walivyoweza, damu irudi kichwani. Fundi aliishika miguu ile juu kwa nguvu zake zote. Aliishika mpaka gari la wagonjwa likafika, akiamini kwamba anamwokoa.

Hospitali walimfunga kile kitambaa cha presha mkononi, wakatazama, wakafunga tena kana kwamba mashine inawadanganya. Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kupita kiasi. Daktari kijana alitoka kwenye korido akauliza mgonjwa anatumia dawa gani na mara ya mwisho amemeza lini. Binti alijibu haraka kwamba anameza kila siku, asubuhi, mchana na jioni, mama mwenyewe ndiye anayempa.

Korido ilikuwa na watu wengi na harufu ya dawa ya kufulia. Fundi alitazama ncha ya viatu vyake. Angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza, kwa muda kama wa kupitisha uzi tunduni, kisha akaona kwamba daktari anasubiri na kwamba kule ndani kuna mtu anayetibiwa gizani.

"Hajameza tangu Alhamisi," alisema. "Mimi ndiye niliyeacha kumpa."

Daktari hakumgombeza. Alieleza, kwa haraka, akiwa ameshaanza kugeuka. Mwili ulioizoea dawa ile hauwezi kuachishwa ghafla. Yote yaliyokuwa yamebanwa chini yanafumuka kwa pamoja: misuli, moyo, presha, mpaka akili inaanza kuona vitu visivyokuwepo. Na presha ikipanda namna hiyo, mshipa kichwani unaweza kupasuka. Wa Winchi, aliogopa, ulikuwa umepasuka. Kisha akaingia ndani na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Binti alimtazama mama yake kama mtu anayesoma maandishi ya lugha nyingine, halafu akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na mchumba wake.

Wazazi wa kijana hawakuondoka siku ile. Yule mama alikuja akakaa karibu na Fundi, akamshika goti. Alikuwa mtu mwema, na alisema alichosema kwa wema mtupu, ili kumwondolea mwenzake aibu aliyodhani anayo.

"Dada yangu, angetupokea amelala, nasi tungekaa hapohapo kitandani tukasalimiana naye. Tulikuja kuona watu. Hatukuja kuona kiti."

Fundi aliutazama mkono uliokuwa gotini kwake mpaka ukaondolewa.

Winchi hakufa. Alitoka hospitali akiwa amepooza mkono wa kulia, na maneno yamekwisha. Kilichobaki kilikuwa mkono mmoja mzima na mmoja uliokunjika, jicho lililomfuata mtu na kumpoteza, na miguu, ambayo ilibaki vilevile. Walimrudishia vidonge vyake, kwa kuanzia kidogo kidogo. Nesi wa kliniki ya mgongo aliposikia alisema tu kwamba angewapokea hata bila tarehe, hata wangefika mlango unafungwa. Fundi alimwambia anajua. Hakuwa anajua.

Binti alirudi nyumbani kila alasiri baada ya shule kusaidia kumwosha baba yake. Alishika upande mmoja na mama yake upande mwingine, wakamgeuza, wakamkausha, na kama kulikuwa na neno la lazima alilisema: maji, taulo, inua. Siku moja tu, akiwa anakunja shuka, aliuliza bila kuinua macho.

"Ungeniambia, ningekataa. Ndiyo sababu hukuniambia?"

Fundi alisema ndiyo. Binti aliitikia kwa kichwa, kama aliyepewa bei ya kitu asichokusudia kununua, akaendelea kukunja shuka.

Harusi ilifanyika katika ofisi ya serikali, siku ya kazi, mashahidi wakiwa mzee yule mrefu na Dogo. Wiki moja kabla, Fundi alikuwa ameitoa nguo kwenye cherehani, ikiwa imebaki pindo tu, akampelekea mwanawe chumbani ikiwa imelazwa juu ya mikono yake. Binti aliigusa kidogo kwenye mkono, mahali palipokuwa na vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa chake chenyewe, kazi ya macho na uvumilivu.

"Mpe mtu mwingine, mama," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikwenda ofisini na gauni lake la kufundishia, kisha akahamia upande wa pili wa mji, na kuja kwake kukawa kwa Jumamosi, halafu kwa Jumamosi mara moja moja.

Ikabaki nyumba ya watu wawili. Dogo alipita asubuhi kumgeuza kaka yake, akaondoka bila kuvua kofia. Fundi aliendelea kushona, maana suruali za watu hazijui msiba, na kila baada ya kitambo alisimama kumpandisha Winchi mto, kumnywesha maji kwa kijiko, kumtazama kama anapauka.

Kuna nyakati Winchi alilia. Kilio kilimjia bila sababu, mtu akiingia au taa ikiwashwa, machozi mengi, mdomo umeachama. Nyakati nyingine kilimjia kicheko namna hiyohiyo. Daktari alimweleza Fundi asijisumbue navyo: ni sehemu ya ubongo iliyoumia, inafungulia vitu hivyo ovyo, huzuni haimo wala furaha. Fundi aliitikia kama alivyoitikia mambo mengi.

Mchana mmoja mvua ilinyesha na hakuja mteja. Alimfuta mumewe uso, akamgeuzia upande wa dirisha, akakaa pembeni ya kitanda akiwa na mkono uliokunjika ndani ya mikono yake. Kimoyomoyo alikuwa ameshawauliza watu wote swali lile isipokuwa mmoja.

"Unanilaumu?" alimwuliza.

Winchi akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, mdomo umepinda upande mmoja, mabega yakitikisika, na Fundi alikaa akimtazama na kusubiri amalize.